Jinsi ya kupima kama kokwa za zambarau zinashusha sukari

Watu wengi wenye kisukari hutumia unga wa kokwa za zambarau, na wanastahili kujua kama unawasaidia kweli. Mimi huanza na panya wazima, yaani wasio na kisukari: nawapa glukosi, kisha natazama inavyopanda na kushuka kwenye damu. Wapo wanaoanza moja kwa moja na streptozotosini, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Sikubaliani nao, tusitese wanyama kwa dondoo ambalo bado halijaonyesha dalili yoyote. Kibali cha kamati ya maadili kiwepo kabla panya hawajaletwa.

Hatua ya 1: Dondoo. Mpelekee mtaalamu wa mimea tawi lenye majani na maua athibitishe kuwa ni Syzygium cumini. Osha kokwa mpaka nyama yote ya tunda itoke, kwa sababu ina sukari. Kausha kivulini, saga, chemsha kwa maji, chuja, kausha, pima uzito. Gramu 100 za unga zikitoa gramu 12, umepata asilimia 12. Usitumie ethanoli (aina ya alkoholi) badala ya maji: huvuta vitu vingine, na wagonjwa hawachemshi dawa kwa ethanoli.

Hatua ya 2: Usalama. Wape panya wachache dondoo miligramu 2000 kwa kilo ya uzito wa mwili, waangalie siku 14.

Hatua ya 3: Makundi. Panya 6 kila kundi: maji matupu, glibenklamidi (dawa ya kisukari inayojulikana) miligramu 5 kwa kilo, na dondoo miligramu 100, 200 na 400 kwa kilo. Usiliache kundi la maji hata iweje. Sukari ya kila panya itashuka yenyewe baada ya saa moja au mbili, na bila kundi hilo utalisifia dondoo kwa kazi ya insulini. Panya wa gramu 180 kwenye kundi la 200 anahitaji miligramu 36. Dondoo likiwa miligramu 20 kwa mililita, mpe mililita 1.8.

Hatua ya 4: Siku yenyewe. Walale njaa, maji wapate. Asubuhi mpe kila panya cha kundi lake, subiri dakika 30, pima damu ya mkia, kisha mpe glukosi gramu 2 kwa kilo. Pima tena dakika ya 30, 60, 90 na 120. Aliyeshika glukosi asishike mkia. Niliwahi kusoma milimoli 28 kwa lita kwa panya mzima kabisa. Glavu yangu ilikuwa inanata glukosi. Futa mkia, futa tone la kwanza, pima la pili. Msoma kipimo asijue panya ametoka kundi gani.

Hatua ya 5: Hesabu. Linganisha eneo lote chini ya mchoro wa sukari kwa dakika. Kutoka 5.0 hadi 9.0 ndani ya dakika 30 ni wastani wa 7 mara 30, yaani 210. Sukari ikiwa chini dakika ya 30 lakini bado inapanda dakika ya 120, huenda dondoo limechelewesha tumbo tu.

Dondoo likilishinda kundi la maji, rudia jaribio. Likishinda tena, ndipo uende kwenye streptozotosini. Usiku wa kwanza baada ya sindano hiyo wawekee panya maji yenye glukosi asilimia 5, kwani seli zinazokufa humwaga insulini na sukari huanguka ghafla.