Jinsi ya kuandika kila siku kwa kuegemea sala na jumuiya (mi nilivyofanya)

Wengi wakiniuliza nawezaje kuandika kila siku wanategemea niwatajie maombi fulani hivi, sijui mfungo wa siku 21, halafu maneno yaanze kushuka yenyewe. Hamna kitu kama hicho. Mwaka fulani nilifunga kweli nikimuomba Mungu anipe kitabu, nikatoka pale nimekonda na daftari bado jeupe. Kilichokuja kunisaidia ni kitu cha kawaida kabisa ambacho nilikuwa nacho siku zote nikawa nakichukulia poa, jumuiya ya Jumamosi asubuhi.

Mi ni Mkatoliki kwa hiyo naongelea jumuiya ndogo ndogo, zile familia jirani zinazokutana nyumba kwa nyumba, ambazo maaskofu wetu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizisukuma kuanzia 1973 na wakatilia mkazo tena 1976. Ila we ukiwa Mlutheri wa KKKT mna jumuiya pia, Wapentekoste wana seli, kazi ni ileile tu.

Kwanza usitafute muda mpya, haupo. Tafuta saa ambayo tayari unasali uigandamizie kuandika hapohapo. Mi nasali saa kumi na moja alfajiri kabla watoto hawajaamka, nikishamaliza ishara ya msalaba sinyanyuki, daftari liko palepale na peni nimeifunga kwa uzi kwenye kaunta buku maana wanangu wakiiona tu imeenda shule. Mistari kumi, basi. Hata kama umeandika "leo sina la kusema mgongo unauma" huo ni mstari, hesabu. Na simu iwe mbali, nakwambia ukishika simu alfajiri utakuta magrupu manne yameshakutumia "asubuhi njema wapendwa" na maua, ukija kushtuka kumekucha.

Sasa utaandika nini? Hapa ndo jumuiya inaanza kulipa. Wengi mnajua zile hatua saba za Lumko, taasisi ya Kikatoliki ya Afrika Kusini, tunazotumia kusoma Injili, tunamkaribisha Bwana, tunasoma, kila mtu anachagua neno au kifungu kifupi anakitamka kwa sauti hata mara tatu, tunanyamaza, halafu ndo tunashirikishana lililotugusa. Wewe iba hatua ya tatu na ya nne uende nazo kwako. Chagua neno moja, sio mstari mzima, nyamaza nalo dakika tano, kisha andika kitu chochote ambacho hilo neno limekiamsha, na usihubiri! Mfano, tulisoma yule kipofu Bartimayo kwenye Marko 10, watu wengi walichagua "nipate kuona", mi likanishika "vazi", pale alipotupa vazi lake. Nikanyamaza nalo we, nikajikuta nawaza koti la marehemu baba lililokaa limetundikwa nyuma ya mlango miaka miwili baada ya mazishi, mama hataki liguswe, mfukoni kuna tiketi ya basi na njugu mbili zimeshakauka. Nikaandika kurasa tatu siku ile bila kumtaja Bartimayo hata mara moja. Ningeanza na "Kupitia injili hii tunajifunza" ningepata aya mbili za mahubiri ambayo padri anayajua kuliko mimi.

Baada ya hapo tafuta watu wa kukudai. Sisi tunabaki wanne baada ya sala ya kufunga, wengine wakishaondoka, kila aliyeandika anasoma ukurasa mmoja kwa sauti. Mmoja wetu ni mama mtu mzima, yeye haandiki kabisa, ila ndo anayetuweka sawa. Nilishawahi kwenda mikono mitupu nikajifanya nawahi sokoni, akanidaka getini, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, ukurasa wangu uko wapi?" Wangu! Yaani anaona ni wake. Toka siku hiyo naandika hata Ijumaa usiku kwa tochi ya simu umeme ukikatika, sio kwa sababu nimevuviwa, ni kwa sababu simuwezi yule mama. Na siku hizi hadithi zake mwenyewe anasimulia halafu kijana mmoja wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, anamwandikia, msione ajabu, hata barua kwa Warumi Paulo alikuwa anasema, Tertio ndo anaandika, kamsalimie kwenye sura ya 16.

Ila sisi Wakristo tuna ugonjwa wa kusifiana. Mtu akisoma kitu kibovu tunasema amina, ubarikiwe mtumishi, na anaenda nyumbani akiwa hajasaidika chochote. Kwetu tumepiga marufuku "ubarikiwe" kabla hujajibu vitu viwili, wapi ulichoka kusikiliza na wapi hukuelewa. Mara ya kwanza iliniuma, niliambiwa ukurasa wangu wote umeanza kueleweka kwenye mstari wa mwisho, nilinuna hadi Jumatatu, halafu nikasoma tena nikakuta ni kweli.

Kitu kingine hiki nakisema kwa aibu. Yaliyosemwa kwenye nia za sala yanabaki kwenye nia za sala. Kuna dada alituomba tumwombee juu ya mume wake, mi nikaenda kuandika kahadithi, nikabadilisha jina nikajiona mjanja, lakini nikaacha geti la bluu na pikipiki iliyoharibika uani, mtaa mzima ukajua. Nilienda kumuomba msamaha nikakaribishwa vizuri tu na chai nikapewa, lakini alikaa miezi bila kuja jumuiya na kosa lilikuwa langu. Ukitaka kuandika la mtu, muulize kwanza, akisema hapana ndo imeisha, we una maisha yako mwenyewe yamejaa tele.

Siku za ukame zitakuja. Usijilazimishe kuandika ushuhuda. Soma Zaburi ya 88, inaishia gizani kabisa, haina ile "lakini nitakusifu" ya mwishoni, na bado iko kwenye Biblia. Kwa hiyo ukiwa umemkasirikia Mungu andika umekasirika, ndo mistari kumi ya siku hiyo. Mi naona hadithi nyingi za kilokole zinakufa hapa, kila mgonjwa lazima apone ukurasa wa mwisho wakati wote tunajua makaburi yalipo.

Na toa kopi jamani. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji na hadithi zangu zote zikaenda nayo, nikalia nikasema naacha. Yule mama yetu akanifungulia Yeremia 36, Baruku kaandika gombo zima kwa mkono, mfalme Yehoyakimu anasomewa huku anaota moto, kila kurasa tatu nne anazikata kwa kisu anatupia motoni mpaka likaisha lote. Yeremia akachukua gombo lingine akampa Baruku, naye akaanza upya, na yakaongezwa maneno mengine mengi. Basi na mi nikaanza upya, ila zamu hii kwenye kaunta buku, na kila Jumapili napiga picha kurasa namtumia mdogo wangu.

Ukitaka kuanza Jumamosi hii, usitangaze kwenye matangazo ya jumuiya maana watachagua mwenyekiti na mweka hazina kabla hamjaandika neno. Wanong'oneze watu wawili. Na kama sala iko kwako, weka chai ya ziada na mihogo, mwanzoni watabaki kwa ajili ya mihogo.