Hofu ya kijana asiyeweza kusema "naogopa"

Nafundisha kitengo cha wanafunzi wenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano) na ulemavu wa akili jijini Tanga, na wengi wao wameshabalehe. Kijana asiye na maneno huonyesha hofu kwa mwili: anajing'ata kiganja, anaziba masikio, hapati usingizi, anajikojolea ilhali alishaacha. Jirani atasema ana jeuri au ana mashetani. Msimsikilize. Tafiti zinaonyesha takribani vijana 4 kati ya 10 wenye usonji wana tatizo la wasiwasi linalohitaji msaada.

Mabadiliko yakija ghafla, tafuta maumivu kwanza. Mkague meno na masikio, angalia kama anapata choo, mpeleke kituo cha afya.

Kama haumwi, fungua daftari. Andika kilichotangulia, alichofanya, na kilichofuata. Polepole utaona kinachomtisha: umeme kukatika, daladala kubadili njia, mlio wa mashine ya kinyozi.

Kwa kinyozi ndiko wazazi wengi hukwama, kwa hiyo nieleze vizuri. Tafadhali msimshike kwa nguvu. Mnamthibitishia kwamba pale ni pa kuogopwa. Anza kwa kupita naye nje ya saluni tu, mrudi nyumbani. Akizoea, akalie kiti. Siku nyingine aishike mashine ikiwa imezimwa, kisha aisikie ikiwaka kwa mbali. Mwisho iguse shingo huku mkihesabu hadi 5. Ikifika tano simamisheni, hata kama ametulia, ili ajue tano yenu ni ya kweli. Mwombeni kinyozi awape asubuhi isiyo na wateja, na muziki azime. Hatua moja ikichukua wiki nzima, sawa. Akishtuka, rudini hatua moja nyuma.

Kabla ya kutoka, muonyeshe picha mlizopiga kwa simu: saluni, kiti, mashine, halafu mihogo ya kukaanga anayoipenda. Sema kwa ufupi, "Kwanza kinyozi, halafu mihogo." Na mihogo apate kweli.

Akishapandisha hofu, usimhoji wala kumkaripia. Ondoa watu na kelele, kaa karibu naye bila kumbana, sema machache.

Akijiumiza, akigoma kula au kukosa usingizi mfululizo, nendeni kliniki ya afya ya akili na lile daftari mkononi. Dawa aandikiwe na daktari. Msimpe aliyoandikiwa kijana mwingine.