Kulinganisha pikapu na trela zito la farasi: anza na mizani, injini baadaye

Aliyeniuzia pikapu yangu ya kwanza alipiga boneti kwa kiganja akasema, "Hii inavuta hata nyumba." Hakunidanganya. Nilifunga trela la farasi wawili, tukapanda vilima bila injini kulalamika. Shida ilinikuta kwenye mteremko. Lori lilitupita kwa kasi, upepo wake ukasukuma trela pembeni, trela likauvuta mkia wa pikapu, pikapu ikajibu upande wa pili, na kwa sekunde kama kumi hivi mimi dereva niligeuka abiria. Tulitoka salama. Farasi mmoja, hata hivyo, alikataa kupanda trela kwa wiki tatu, na sikuwa na neno la kumjibu.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba kuvuta ndiyo kazi nyepesi. Gari linapimwa linaposimama, linaposhuka mlima, na linapotakiwa kubaki kwenye mstari huku nyuma yake kuna mzigo mrefu wa kwenda juu, wenye miguu, unaohama wenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na nguvu za injini. Unaanza na kilo.

Hatua ya 1: Pata uzito wa kweli wa farasi

Watu wengi husema "farasi ni nusu tani" wakaishia hapo. Farasi wa kupanda wa wastani kweli yuko kati ya kilo 450 na 550, lakini wale wakubwa wa kazi, kama Shire na Percheron, hupita kilo 800 bila shida na baadhi hufika tani nzima. Makosa ya kilo 300 kwa kila farasi, mara mbili, ni makosa ya kilo 600.

Kama huna mizani ya mifugo, chukua futi kamba ya fundi cherehani. Zungusha kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, upate mzunguko kwa sentimita. Kisha pima urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,880. Jibu ni kilo. Farasi mwenye mzunguko wa sentimita 180 na urefu wa 165 anatoka kilo 450. Mwenye mzunguko wa 225 na urefu wa 190 anatoka karibu 810. Ni makadirio, lakini ni bora kuliko jicho.

Hatua ya 2: Jumlisha trela kama litakavyokuwa barabarani

Uzito mtupu ulioandikwa kwenye kibati cha trela ni wa siku lilipotoka kiwandani. Tangu hapo mmiliki ameweka mipira ya sakafuni, kabati la matandiko, tairi la akiba la pili. Mfano ninaoutumia humu ni huu:

- Trela tupu: kilo 1,450
- Mipira ya sakafuni na vitu vilivyoongezwa: 90
- Farasi wawili wa kazi, 810 na 780: 1,590
- Hatamu, lijamu na matandiko: 60
- Marobota manne ya nyasi kavu: 80
- Maji lita 100: 100

Jumla ni kilo 3,370. Kibati cha trela kinaruhusu 3,500, kwa hiyo trela lenyewe liko salama. Kama jumla yako imepita kibati cha trela, ishia hapa. Hakuna gari duniani, hata lori la tani kumi, linaloweza kuongeza uwezo wa ekseli na matairi ya trela.

Hatua ya 3: Kusanya namba zote za gari, siyo ile moja ya kwenye tangazo

Tangazo litasema "inavuta kilo 3,500". Andika namba hiyo, kisha tafuta nyingine kwenye kibati cha nguzo ya mlango wa dereva, kwenye kitabu cha gari, na kwenye chuma cha kuvutia chenyewe. Unatafuta uzito wa juu wa gari likiwa na mzigo wake. Uzito wa juu wa gari na trela vikiwa pamoja. Uzito wa juu wa kila ekseli. Na uzito ambao tufe la kuvutia (lile la chuma nyuma ya gari linaloshika trela) linaruhusiwa kukandamizwa na shingo ya trela, yaani mkono wake wa mbele. Namba ndogo kuliko zote ndiyo yenye neno la mwisho. Wanaovunja sheria hii kwa kawaida hawajui kama wameivunja, kwa sababu gari linaondoka vizuri tu.

Pikapu yetu ya mfano ina uzito wa kilo 2,200 ikiwa na mafuta. Weka dereva kilo 85, msaidizi 75, zana na tairi la akiba 60, paa la bodi 70, chuma cha kuvutia 25. Inafika 2,515. Ongeza trela la 3,370: jumla 5,885. Kitabu cha gari kinasema gari na trela pamoja visizidi 5,950. Umebakiza kilo 65, yaani mtu mmoja anayetaka lifti. Na bado tangazo linasema umebakiza 130.

Hatua ya 4: Uzito wa shingo, ambao ndio humwumbua mtu

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwingine kote.

Shingo ya trela lazima ikandamize gari. Ikikandamiza kidogo mno, trela linakuwa zito mkiani na huanza kuyumba mara tu mwendo unapopanda. Ikikandamiza kupita kiasi, nyuma ya gari inakaa chini, mbele inanyanyuka, na usukani unakuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza. Kwa trela la kawaida linalofungwa nyuma ya bampa, kipimo kinachotumika zaidi ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela lenye mzigo. Yale yanayofungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma, huchukua asilimia 15 hadi 25, na hutulia zaidi barabarani. Kuna matrela, hasa ya Ulaya, yaliyobuniwa kwa shingo nyepesi kuliko hiyo. Hayo fuata kibati chake.

Trela letu la 3,370 kwa asilimia 12 linaweka karibu kilo 405 juu ya tufe. Sasa ona kinachotokea. Tufe liko nyuma ya ekseli, tuseme mita 1.2, na kati ya ekseli mbili za pikapu kuna mita 3.2. Ni bembea ya watoto. Kilo 405 pale nyuma zinaiongezea ekseli ya nyuma kilo 555 hivi, kwa sababu zinanyanyua 150 kutoka ekseli ya mbele. Hizo 150 ndizo zilizokuwa zikikupa usukani na breki za mbele.

Kisha soma kibati cha chuma cha kuvutia: kilo 350. Pikapu iliyosifiwa kuvuta 3,500 imekataliwa na kipande cha chuma unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja.

Mtu atasema, sogeza mzigo nyuma. Jaribu. Kutoka tufe hadi katikati ya ekseli za trela kuna mita 4. Tangi la maji la kilo 100 ukilirudisha nyuma mita 2, shingo inapungua kilo 50. Umefika 355. Rudisha na nyasi, ufike 345. Lakini asilimia 10 ya trela hili ni 337, kwa hiyo sasa unaishi ndani ya pengo la kilo 13. Farasi wa kilo 810 akisogea mbele sentimita 10 tu, anaongeza kilo 20 kwenye shingo. Amekwisha kukuvusha mpaka, naye alikuwa anafuata nyasi tu.

Jibu la mfano huu ni gari kubwa zaidi, au farasi mmoja kwa safari. Springi maalumu za kugawa uzito, zile za vyuma virefu viwili chini ya shingo, hurudisha sehemu ya uzito kwenye ekseli ya mbele na ninazipenda, mradi watengenezaji wa gari na wa trela wote wanaziruhusu. Mpira wa upepo kwenye springi za nyuma hunyanyua bodi gari lionekane limenyooka, lakini hauongezi uwezo hata wa kilo moja. Huko ni kuficha mbuzi kwenye gunia lako mwenyewe.

Hatua ya 5: Urefu, mwili na injini ya gari

Gari refu kati ya ekseli na ekseli hutulia kuliko fupi. Pikapu yangu ile ya kwanza ilikuwa fupi na yenye nguvu, mchanganyiko unaowapendeza vijana. Gari zito nalo ni bora kuliko jepesi, kwani trela linapojaribu kuliburuta linakutana na mtu wa saizi yake.

Kuhusu injini nitasema machache. Isiyo na taabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo anayeishi nyanda za juu aache nafasi. Kwa gia za otomatiki hakikisha kuna kipoza mafuta ya giaboksi na kitufe cha hali ya kuvuta mzigo, kinachozuia gia kubadilikabadilika na kusaidia injini kushika gari mteremkoni.

Hatua ya 6: Tufe, minyororo na breki

Ulaya tufe ni milimita 50. Marekani kuna la inchi 2, yaani milimita 50.8, na la inchi 2 na 5/16, karibu 58.7. Kikombe cha trela kilichotengenezwa kwa tufe kubwa hukaa juu ya tufe dogo, kikafungwa, kikaonekana kimeshika, hadi tuta la kwanza. Soma namba iliyogongwa kwenye tufe na kwenye kikombe. Ukishafunga, inua shingo kwa jeki yake ya mbele: nyuma ya gari ikipanda pamoja nayo, imeshika.

Minyororo ipite kwa kupishana chini ya shingo, ili shingo ikichomoka idakwe isilime barabara. Kamba ya breki ya dharura ifungwe kwenye gari lenyewe, mbali na minyororo na mbali na tufe.

Breki za trela ni za lazima kwa uzito huu. Za umeme huhitaji kidhibiti ndani ya gari. Trela linapokuwa na mzigo, nenda kilomita 30 kwa saa mahali patupu, bonyeza breki ya trela peke yake kwa mkono: unatakiwa kuhisi umevutwa kwa nyuma, bila tairi kuburuzika. Zile za kusukumwa, za kawaida Ulaya, hufanya kazi gari likipunguza mwendo na trela kulisukuma. Kwa hizo angalia kwamba chuma cha shingo kinaingia na kutoka bila kukwama.

Hatua ya 7: Panda mizani

Hesabu zote za juu ni za mezani. Tafuta mizani ya malori. Pima gari peke yake na watu wake, kila ekseli kivyake. Kisha rudi na trela na farasi ndani, pima ekseli ya mbele, ya nyuma, na za trela. Kwa mfano wetu: bila trela, mbele 1,390 na nyuma 1,125. Na trela, mbele 1,240, nyuma 1,680, ekseli za trela 2,965. Ekseli mbili za gari zilikuwa 2,515, sasa ni 2,920. Tofauti, 405, ndiyo uzito wa shingo.

Hatua ya 8: Kupakia na kuondoka

Farasi akiwa mmoja, anakaa upande wa katikati ya barabara: kulia kwa nchi zinazoendesha kushoto, kushoto kwa zinazoendesha kulia. Barabara nyingi huinamia pembeni, na tairi likiangukia ukingoni hutaki uzito wote uwe huko. Wakiwa wawili, mzito zaidi ndiye anayekaa upande huo wa katikati.

Jaza upepo matairi yakiwa ya baridi, kwa kipimo cha kibati. Tarakimu nne za mwisho za alama ya tairi ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Matairi ya trela huzeeka yakiwa yamesimama, kashata (meno ya kukanyagia) zikiwa nzima, ndiyo maana huwadanganya watu.

Trela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na kama una breki ya trela ya mkono ibonyeze taratibu. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu, wala usijaribu kuongeza mwendo "kulinyoosha". Niliwahi kufanya yote mawili ndani ya sekunde zile kumi.

Baada ya kilomita 50 za kwanza simama. Kaza nati za magurudumu, kisha weka kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu la trela bila kukigusa kwanza. Vyote vinatakiwa viwe na joto linalofanana. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, breki imeshikilia au beringi imekauka grisi, na safari inaishia hapo. Halafu fungua mlango mdogo wa mbele umtazame farasi. Akiwa amelowa jasho mabegani huku hewa ni ya baridi, au amepanua miguu yote minne, uendeshaji wako una kona kali mno, na mizani haikuweza kukuambia hilo.