Vyumba vitatu, breka moja: jinsi ninavyopima stima kwenye ploti yetu

Mimi ni keateka wa ploti ya vyumba sita hapa Manyatta, Kisumu. Vyumba vitatu vya upande wa lango vinatumia breka moja, ile swichi inayojikata stima ikivutwa kupita kiasi, na kwa muda mrefu kila Jumapili jioni nilikuwa nagongewa mlango: stima imepotea. Kwa majirani inawaka, kwetu giza. Ndio wakati sare za shule zinapigwa pasi, chai iko kwenye birika, na mtu amewasha koili asonge ugali.

Anza kwenye breka. Yetu imeandikwa 20, yaani ampea 20. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240, kwa hivyo 20 mara 240 unapata wati 4,800. Hizo ni za vyumba vyote vitatu kwa pamoja, si za kila mmoja.

Sasa chukua daftari, piga hodi chumba kwa chumba, usome vibandiko vilivyo chini au nyuma ya vyombo. Mimi nilipata birika 2,000, pasi 1,200, koili 1,500. Hapo tayari ni 4,700. Weka friji, runinga mbili na balbu, mmepita. Chombo cha kutoa joto ndicho kinachokula stima. Chaja ya simu na balbu ya LED ya wati 9 zisikusumbue. Maikrowevu angalia vizuri, kwa sababu 700 ya pale mbele ni joto linaloingia kwenye chakula. Ukutani inavuta kama 1,100.

Kibandiko kikiwa kimefutika, uliza mita. Ina taa ndogo nyekundu inayometameta, na kando yake pameandikwa kwa mfano 1600 imp/kWh: ikimeta mara 1,600, uniti moja ya tokeni imeisha. Waombe wote wanaotumia mita hiyo wachomoe vitu kwa dakika tano, uwashe chombo kimoja tu. Taa ikimeta, bonyeza saa ya simu na uhesabu sifuri, halafu moja, mbili, hadi kumi. Birika la chumba cha pili lilichukua sekunde 12, yaani 1.2 kwa kila mmeto. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima, yaani sekunde 3,600, kwa hivyo 1,000 mara 3,600 ni 3,600,000. Gawa hiyo kwa 1,600, upate 2,250. Gawa tena kwa 1.2, upate wati 1,875. Kibandiko chake kilisema 2,000. Mita haikukosea: ilikuwa jioni, volti zilikuwa zimeshuka, na chombo cha joto hupunguza mvuto volti zikishuka.

Kabla sijajua haya, fundi mmoja alituondolea ile breka ya 20 akaweka ya 32, waya zikiwa zilezile. Tulifurahi, kwa kuwa giza liliisha. Wiki chache baadaye chumba cha pili kikaanza kunuka plastiki. Nilisogeza kitanda nikakuta soketi imegeuka rangi ya chai ya rangi, na nilipoifungua, ngozi ya waya ilivunjika vidoleni kama ganda la njugu. Mtoto alikuwa analala kichwa chake kikielekea pale. Tukarudisha breka ya 20. Breka iko pale kuulinda waya. Usikubali mtu akuwekee kubwa zaidi kabla ya kubadilisha waya wenyewe.

Tena usidhani breka ya 20 inakatika ukifika 21. Ukipita kidogo, inaweza kuvumilia zaidi ya saa nzima huku waya unachemka ukutani. Ndiyo maana hesabu yangu inaishia 3,800, ili friji nayo ipate nafasi, maana kompresa ikiamka huvuta mara kadhaa ya kawaida yake kwa muda mfupi.

Kwa vipimo vyetu, vyombo viwili vya joto vinaenda pamoja bila shida: koili na birika ni 3,500, birika na pasi 3,200. Cha tatu kinasubiri. Nimeiandika sheria hiyo kwa maka ndani ya mlango wa kila chumba, na anayewasha koili anawajulisha wenzake kwa simu. Mama wa chumba cha tatu, mwenye watoto wanne wa shule, siku hizi anapiga pasi saa kumi alasiri, kabla mtu yeyote hajafikiria ugali.