Kupita na mtumbwi kati ya viboko wa Zambezi

Ukishuka Zambezi kutoka mji wa Chirundu kuelekea hifadhi ya Mana Pools, Zimbabwe iko kulia na Zambia kushoto. Safiri kiangazi, Mei hadi Oktoba, na mwongoza mitumbwi mwenye leseni.

Mtumbwi ni wa faiba, wa watu wawili. Mzoefu akae tezi, yaani nyuma, maana ndiye anayeuelekeza; wa omo, yaani aliyekaa mbele, apige kafi na kutazama njia. Mizigo mizito ilale chini katikati, imefungwa kamba. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisiwe mto wa kukalia.

Anayetisha kuliko wote ni kiboko. Mchana hukaa majini, na akishtuka hukimbilia kina. Kwa hiyo piteni upande wa maji mafupi, mtumbwi nyuma ya mtumbwi, msimkatie njia ya kwenda kilindini. Kabla ya kona msiyoiona, gongeni ubavu wa mtumbwi kwa mpini wa kafi mara mbili tatu. Viboko wataibua vichwa, wahesabuni. Walikuwa sita na sasa ni watano? Subirini. Kiboko mkubwa huweza kuzama dakika 5 hivi, na huyo msiyemwona ndiye wa kuogopwa.

Kanuni hiyo hugeuka asubuhi za baridi, viboko wanapoota jua nchi kavu. Hapo kuambaa ukingo ni kujiweka njiani mwake, kwa kuwa atateremka mbio moja kwa moja majini. Simameni mbali, aingie kwanza.

Akiupindua mtumbwi, achaneni nao mara moja, muogelee hadi ukingo ulio karibu. Mara nyingi hasira zake huziishilizia kwenye chombo. Visiki navyo hupindua, na kosa huwa lilelile: mtu anasukumwa na mkondo hadi kwenye gogo, anaegemea upande wa pili kulikwepa, ubavu unaoelekea mkondo unazama na maji yanaingia. Egemea gogo lenyewe, hata kama moyo unakataa.

Kwa mamba, mikono na miguu ibaki ndani. Msichote maji mahali pamoja kila mara, maana mamba hujifunza mazoea ya watu. Kuoga ni kwenye fungu la mchanga, maji maangavu yasiyopita kifundo cha mguu.

Ondokeni saa 1 asubuhi. Mchana upepo wa mbisho, unaovuma kutoka mbele, huweza kuinua mawimbi ya kuujaza mtumbwi; ukizidi, pumzikeni ukingoni.

Kambini, machungwa na ndimu ni mwiko kabisa. Tembo huzifuata harufu zake hadi hemani. Chunguzeni ardhi kabla ya kupiga hema: njia yenye mifereji miwili sambamba na tuta la nyasi katikati ni ya kiboko, naye huipita usiku kwenda malishoni. Mitumbwi ivuteni juu kabisa ya gema na kuifunga mtini, kwa sababu bwawa la Kariba, lililo juu zaidi mtoni, likifungulia maji, mto huweza kupanda usiku mmekwisha kulala.