Dengi: jinsi ya kusoma vipimo vya damu siku kwa siku

Masika yakishika Mombasa, na kila ua una mapipa na madumu kwa kuwa maji ya mfereji hayatoki kila siku, mbu wa dengi hupata pa kuzalia. Mji uliona mlipuko mwaka 2013, ukaona tena 2017 na 2021. Wagonjwa wengi hupona nyumbani. Wachache hubadilika ndani ya saa chache, na mara nyingi ni siku ileile homa inaposhuka, nyumba nzima ikisema alhamdulillahi, amepata nafuu.

Hatari hiyo huonekana mapema kwenye damu, lakini kwa kulinganisha karatasi ya leo na ya jana. Karatasi moja pekee haitoshi. Maelezo haya ni ya anayeuguza mtu na anayetaka kuelewa anachoambiwa na daktari. Uamuzi wa tiba hubaki kwa daktari.

Hesabu siku

Siku ya 1 ni siku homa ilipoanza, si siku mliyokwenda hospitali. Andika tarehe na saa. Bibi akisema homa ilianza "usiku wa Ijumaa", kwenye karatasi ya maabara hiyo ni Alhamisi jioni, na hapa kukosea siku moja si jambo dogo.

Pima malaria kwanza, kila mara, kwa kuwa magonjwa haya mawili yanaweza kumpata mtu mmoja kwa pamoja. Kutoka siku ya 1 hadi ya 5, kipimo cha dengi kinachofaa ni NS1, kinachotafuta protini ya virusi vyenyewe. Kuanzia siku ya 5 omba na IgM, kinachotafuta kinga ambayo mwili umeitengeneza. NS1 ikisema hakuna, dengi haijaondoka kwenye hesabu, hasa kwa mtu aliyewahi kuugua zamani. Vipimo hivi viwili vinasema kama ugonjwa upo. Havisemi umefika wapi. Ukali unautafuta kwenye hemogramu kamili, yaani hesabu ya chembe za damu, kipimo cha kawaida kabisa ambacho maabara nyingi za mjini hutoa majibu yake siku hiyohiyo.

Cha kwanza kifanywe ndani ya siku 3 za mwanzo ili mpate namba ya kuanzia. Kisha kirudiwe kila siku kuanzia siku ya 3 hadi mgonjwa apitishe saa 48 bila homa na bila dawa ya homa. Tumieni maabara moja, mashine moja.

Mistari ya kutazama

WBC ni chembe nyeupe. Katika dengi hushuka mapema, mara nyingi chini ya 4, kabla plateleti hazijaanguka. Ikiwa juu sana, daktari atafikiria pia maambukizi ya bakteria.

PLT ni plateleti, chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, mstari ambao watu wote huukodolea macho. Kawaida ni 150 hadi 400. Maabara nyingine huandika 150,000 hadi 400,000, ni kitu kilekile. Zikishuka chini ya 100, hasa kwa kasi, ugonjwa unaingia kipindi cha hatari. Lakini mtu mwenye plateleti 40 anayekunywa, anayekojoa na asiyetoka damu anaweza kuwa salama kuliko mwenye 80 anayetapika huku mikono yake ikiwa baridi. Kuongezewa plateleti kwa sababu ya namba tu, bila kutoka damu, kwa kawaida hakupendekezwi. Na juisi ya majani ya mpapai? Plateleti hupanda zenyewe mgonjwa anapopona, kwa hiyo sifa nyingi za mpapai ni za siku ya 8 tu.

HCT, hematokriti, ndiyo mstari wenye siri. Ni asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu; iliyobaki karibu yote ni maji ya damu, yaani plazima. Dengi ikiwa kali, kuta za mishipa huvuja: plazima huingia tumboni na kifuani, chembe nyekundu hubaki ndani, damu huwa nzito na HCT hupanda. Ikipanda kwa asilimia 20 juu ya namba ya kuanzia, mishipa inavuja. Zidisha namba ya kuanzia kwa 1.2: aliyeanza na 38 mpaka wake ni 45.6. Karatasi ikiandika 0.38, ni 38 hiyohiyo.

Mfano wa kubuni. Siku ya 3: joto 39.2, WBC 3.1, PLT 142, HCT 38. Siku ya 4: joto 38.6, WBC 2.4, PLT 96, HCT 40. Siku ya 5 asubuhi: joto 37.1, WBC 2.6, PLT 58, HCT 46. Kwa macho ya nyumbani huyu anapona. Kwa karatasi, HCT imevuka 45.6 huku plateleti zikianguka, na huyu ni wa kulazwa sasa hivi.

Msilinganishe na jirani. Mwenye selimundu au upungufu wa damu anaweza kuwa na HCT ya kawaida ya 29. Kwake 35 tayari ni ya kutisha, ingawa mashine haitaweka alama yoyote ya "juu".

Vimeng'enya vya ini, AST na ALT, vipimwe angalau mara moja. Kupanda kiasi ni kawaida. Kufika 1,000 au zaidi kwa kimoja wapo ni dengi kali.

Namba zinazodanganya

Damu ya hemogramu huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, kijazwe hadi alama, kisha kigeuzwe taratibu mara 8 hadi 10. Kisipogeuzwa, damu huganda kidogo, plateleti hunaswa humo na mashine husoma 30 kwa mtu mwenye 130. Namba ikianguka ghafla bila dalili, uliza kama damu iliganda, na omba fundi atazame slaidi kwa darubini. Kwa watu wachache plateleti hushikana kwa sababu ya dawa iliyomo ndani ya kichupa. Hao hupimwa kwa kichupa cha kifuniko cha bluu hafifu.

Mpira wa kufungia mkono ukikaa zaidi ya dakika 1, HCT hupanda kwa uongo. Dripu huishusha. Kutoka damu ndani kwa ndani pia huishusha, na huo ndio mtego mbaya: HCT inashuka, ndugu wanafurahi, kumbe mapigo ya moyo yanaenda mbio na presha inaanguka. Kwa hiyo HCT isisomwe bila mapigo, presha na mkojo.

Lini kutoka nyumbani

Msisubiri karatasi mkiona maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu ya fizi au pua, choo cheusi, kusinzia au kuhangaika kusiko kwa kawaida, mikono baridi, au saa 6 zimepita bila mkojo. Mjamzito, mtoto mchanga, mzee na mwenye kisukari waonwe mapema zaidi. Anayeishi Likoni au Mtongwe apange siku za hatari, ya 4 hadi ya 6, kabla hazijafika: nani ana gari, na mnakwenda wapi feri ikiwa na foleni.

Dawa ya homa ni paracetamol peke yake, kwa mtu mzima isizidi 4 g kwa siku. Diclofenac, ibuprofen na aspirini zikae mbali, pamoja na ile sindano ya maumivu ya kemisti, kwa kuwa huongeza kutoka damu. Pimeni joto kabla ya kumeza dawa, la sivyo hamtajua homa imeshuka yenyewe au imeshushwa. Madafu, uji mwepesi na maji ya ORS vinafaa, kidogokidogo na mara nyingi. Sharubati nyekundu iacheni, maana akitapika hamtajua kama ni damu.

Kupona huanza na WBC, plateleti hufuata baada ya siku moja au mbili, na HCT hurudi ilikoanzia plazima inaporejea mishipani. Wakati huo dripu ya kuendelea tu humjaza maji mapafuni, kwa hiyo ni haki yenu kuuliza itaondolewa lini. Karatasi zote zihifadhini: virusi vya dengi ni aina 4, maambukizi ya pili kwa aina nyingine huwa na hatari zaidi, na daktari wa safari hiyo atataka kujua HCT yake ya kawaida ilikuwa ngapi.