Kujenga na Kupima Emuleta ya Game Boy: Prosesa Kwanza, Skrini Baadaye

Emuleta ni programu inayoiga mashine nyingine, na nyingi za mikono mipya hufia mahali pamoja. Nembo imeshuka vizuri, skrini ya kwanza ya mchezo imetokea, kisha kila kitu kinaganda au vigae, vile vipande vidogo vinavyojenga picha, vinatawanyika ovyo. Mwandishi anaivamia kodi (maandishi ya programu) ya skrini na kuichokonoa wiki nzima, kumbe kosa liko kwenye biti moja ya prosesa iliyokosewa amri elfu kadhaa zilizopita. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja: kila sehemu ipimwe peke yake, ifaulu, ndipo ya pili iandikwe juu yake.

Mashine tunayoiiga ni Game Boy ya kwanza, ile ya mwaka 1989 yenye skrini isiyo na rangi. Inafaa kwa kazi ya kwanza kwa sababu ni ndogo, imechunguzwa hadi ndani kabisa, na ina programu nyingi za majaribio zinazopatikana bure.

Unachohitaji kabla ya mstari wa kwanza

Lugha yoyote ya programu inatosha, ingawa Python itakuchelewesha sana ukifika kwenye sauti. C, Rust, Go na hata JavaScript zinamudu kazi bila shida. Kama lugha yako haina namba za biti 8 na biti 16 zisizo na alama ya hasi, funika kila jibu kwa 0xFF au 0xFFFF palepale linapopatikana. Ukisahau mara moja tu, rejista (kisanduku cha namba ndani ya prosesa) itabeba 256 na utashangaa kwa nini kitanzi hakiishi.

Faili ya kuanzishia mashine, ile ya baiti 256, si ya lazima. Weka hali ambayo mashine huwa nayo faili hiyo ikimaliza kazi: AF=01B0, BC=0013, DE=00D8, HL=014D, SP=FFFE (anwani ya juu ya rafu), PC=0100 (anwani ya amri inayofuata). Namba hizi, na anwani na opukodi (namba za amri) zote hapa chini, ni za heksadesimali, yaani za msingi wa 16.

Ramani ya memori

Andika kazi mbili tu, `soma` na `andika`, na kila kitu kipite humo:

- 0000–3FFF: ROM (memori ya mchezo isiyoandikika), benki (kipande chake) ya kwanza isiyohama
- 4000–7FFF: ROM, benki inayobadilishwa
- 8000–9FFF: memori ya picha
- A000–BFFF: RAM iliyo ndani ya katriji (kaseti ya mchezo), kama ipo
- C000–DFFF: RAM ya mashine
- E000–FDFF: mwangwi wa C000–DDFF
- FE00–FE9F: jedwali la spraiti (picha ndogo zinazosogea juu ya mandharinyuma), baiti 160
- FF00–FF7F: rejista za vifaa
- FF80–FFFE: RAM ndogo ya baiti 127
- FFFF: ruhusa za mikatizo (maombi ya vifaa yanayoikatiza prosesa)

Mtego wa kwanza uko hapa. Kuandika kwenye 0000–7FFF hakubadilishi ROM kamwe. Ujumbe ule unakwenda kwa chipu ya katriji inayobadilisha benki. Tetris, ambayo ni katriji ya KB 32 isiyo na chipu hiyo, bado huandika kwenye 2000. Emuleta inayoukubali uandishi huo kama RAM ya kawaida inaufuta mchezo huku ukiendelea kuchezwa.

Kabla ya kuendelea, fanya uamuzi mmoja utakaokuokoa mbeleni. Prosesa hupiga mapigo 4,194,304 kwa sekunde, na kila kugusa memori kunachukua mapigo 4. Basi kila mwito wa `soma` au `andika` kutoka kwa prosesa usogeze mbele saa ya vifaa vyote kwa mapigo 4. Wengi hutekeleza amri nzima kisha huongeza mapigo kwa mkupuo. Njia hiyo inatosha kwa michezo mingi, lakini mem_timing, programu ya kupima muda wa kugusa memori, itaikataa, na kuirekebisha baadaye ni sawa na kuivunja nyumba ili uhamishe msingi.

Prosesa

Kuna amri 500 halali: 244 za kawaida na 256 zinazotanguliwa na baiti CB. Opukodi 11 hazina maana yoyote (D3, DB, DD, E3, E4, EB, EC, ED, F4, FC, FD), na kwenye mashine halisi huigandisha prosesa. Zifanye zisimamishe emuleta kwa kelele na kuchapisha PC. Ukikutana nayo, ujue umepotea njia zamani.

Usiziandike amri zote mia tano kwa mkono. Nusu ya katikati ya jedwali ina mpangilio: 40–7F ni uhamishaji kati ya rejista (isipokuwa 76, ambayo ni HALT, amri ya kuilaza prosesa), 80–BF ni hesabu, na biti tatu za mwisho hutaja chanzo kwa mfuatano wa B, C, D, E, H, L, (HL), A. Jedwali lote la CB linafuata mpangilio huohuo.

Makosa yanayojirudia ni haya, na karibu kila mtu huyafanya angalau matatu:

F ni rejista ya bendera Z, N, H na C, yaani biti zinazoonyesha hali ya jibu. Biti zake nne za chini huwa sifuri daima. POP AF lazima izifute, la sivyo programu ya majaribio itaona F yenye takataka.

INC na DEC za biti 8 haziigusi bendera ya C. ADD HL hupima bendera ya H kwenye biti ya 11, nayo haiigusi Z. RLCA, RRCA, RLA na RRA huifuta Z kila mara, lakini ndugu zao wa jedwali la CB huiweka kulingana na jibu.

E8 na F8, zinazojumlisha SP na namba yenye alama, hupima H na C kwenye baiti ya chini tu, kana kwamba namba ile haina alama ya hasi. Z na N zinafutwa.

Mruko wa JR huhesabiwa kuanzia anwani iliyo baada ya amri nzima, si mwanzo wake.

Kisha DAA, amri inayorekebisha jibu liwe la tarakimu za desimali, ambayo ina sifa mbaya kuliko inavyostahili. Namba zake ni za heksadesimali. Kama N ni 0: ongeza 06 ikiwa H imewaka au tarakimu ya chini ya A imezidi 9, ongeza 60 na uwashe C ikiwa C ilikuwa imewaka au A ya mwanzo imezidi 99. Kama N ni 1: toa 06 kwa sababu ya H, toa 60 kwa sababu ya C, basi, usiitazame thamani ya A kabisa. Mwishoni futa H na uipange Z. Ikikosewa, alama za mchezaji ndizo huonyesha tarakimu za ajabu, na hakuna kingine kinachoharibika.

Kupima prosesa bila skrini

Kuna mkusanyiko wa majaribio ya JSON wa prosesa hii, SM83, wenye majaribio 1,000 kwa kila opukodi. Kila moja lina hali ya rejista na memori kabla ya amri na baada yake. Unayasoma, unatekeleza amri moja, unalinganisha. Hakuna kipimo kinachokwenda kwenye kosa moja kwa moja kama hiki: kinakwambia opukodi ipi, rejista ipi, ilitarajiwa nini. Anza hapa.

Yakipita yote, nenda kwenye cpu_instrs, programu yenye sehemu 11. Haihitaji skrini kwa sababu hutuma maandishi yake kwenye mlango wa kebo: herufi inawekwa FF01, kisha 81 ya heksadesimali inaandikwa FF02. Unapoona 81 ikiingia FF02, chapisha kilichomo FF01. Zipakie sehemu moja moja kwanza. Faili kubwa iliyozikusanya zote ina KB 64 na inataka ubadilishaji wa benki wa MBC1, mojawapo ya zile chipu za katriji.

Sehemu ya 02 hupima mikatizo na itashindwa hadi taima iwepo. Usipoteze siku kuitafutia kosa kwenye prosesa.

Programu ikikwama bila kusema lolote, andika mstari mmoja wa logi kabla ya kila amri:

`A:01 F:B0 B:00 C:13 D:00 E:D8 H:01 L:4D SP:FFFE PC:0100 PCMEM:00,C3,13,02`

Huu ndio muundo unaotumiwa na Gameboy Doctor, chombo kinacholinganisha logi yako na logi sahihi na kuonyesha mstari wa kwanza unaotofautiana. Wakati wa zoezi hili FF44, namba ya mstari unaochorwa, irudishe 90 ya heksadesimali kila inaposomwa, vinginevyo programu itasubiri skrini ambayo haipo. Ukiuona mstari unaotofautiana, mtuhumiwa ni amri ya mstari uliotangulia.

Taima na mikatizo

Ndani ya mashine kuna kihesabio kimoja cha biti 16 kinachoongezeka kila pigo. DIV (FF04) ni baiti yake ya juu tu. TIMA (FF05), taima yenyewe, huongezeka biti fulani ya kihesabio hicho inaposhuka kutoka 1 kwenda 0. Jenga hivyo hivyo, usiweke vihesabio viwili tofauti. Tabia nyingi za ajabu zitajitokeza zenyewe, mathalani kuandika DIV kunakoweza kuisukuma TIMA mbele.

Kasi nne za TAC, rejista inayopanga kasi ya TIMA kwa biti mbili, hazijapangwa kwa mfuatano unaoutarajia: 00 ni kila mapigo 1024, 01 ni 16, 10 ni 64, 11 ni 256. TIMA ikifurika husoma 00 kwa mapigo 4, ndipo hupokea thamani ya TMA (rejista yenye namba ya kuanzia upya) na mkatizo kuombwa.

Mikatizo mitano inaruka kwenda 40, 48, 50, 58 na 60, na wa anwani ndogo ndio hutangulia. Kuingia kwenye mkatizo kunachukua mapigo 20. EI, amri ya kuwasha mikatizo, huanza kufanya kazi baada ya amri inayoifuata. HALT huamka pale IE (mikatizo iliyoruhusiwa) na IF (mikatizo iliyoombwa) zinapokubaliana hata kama mikatizo imezimwa kwa DI. Ukilikosa hili, mchezo unalala usiamke.

Skrini

Pikseli 160 kwa 144. Mistari 154 kwa fremu, mapigo 456 kwa mstari, jumla 70,224, yaani fremu 59.73 kwa sekunde. Kuchora mstari mzima kwa pamoja kunatosha kwa michezo mingi. Kuchora pikseli moja moja kuache kwa awamu ya pili.

Anza na mandharinyuma peke yake. Biti ya 4 ya LCDC (rejista inayoiongoza skrini) ikiwa 0, namba ya kigae ina alama ya hasi na huhesabiwa kutoka 9000, si 8800. Mandhari ikitokea na herufi zote zimebadilishana nafasi, sababu karibu daima ni hiyo. Kisha dirisha, tabaka linalochorwa juu ya mandharinyuma: lina kihesabio chake cha mistari, kinachoongezeka tu kwenye mistari ambayo dirisha limechorwa, na WX (nafasi yake ya X) imesogezwa kwa 7. Mwisho spraiti: 40 kwa jumla, 10 kwa mstari, Y imesogezwa kwa 16 na X kwa 8. Zikigongana, yenye X ndogo ndiyo huwa juu. Kwenye spraiti za 8×16 biti ya mwisho ya namba ya kigae haitazamwi.

Hapo pakia dmg-acid2, programu ya kupima skrini. Huchora uso, na kila kiungo cha uso kinapima jambo moja, hivyo jicho au mdomo ulioharibika unakwambia cha kurekebisha. Linganisha na picha ya mfano pikseli kwa pikseli, si kwa macho.

Mchezo wa kwanza

Tetris inafaa kwa kuwa haina benki. Ikiwa inajirudia mwanzo bila kukoma, tazama FF00: vitufe husomwa kinyume, 0 ni kilichobonyezwa. Emuleta inayorudisha 00 inauambia mchezo kwamba A, B, Select na Start vimeshikwa kwa pamoja, na hiyo ndiyo amri ya kuanza upya. Ikiwa vipande vinavyoanguka havionekani, kagua uhamishaji wa FF46, unaonakili baiti 160 kwenye jedwali la spraiti.

Kutoka hapo ongeza MBC1, ambamo benki 0 ikiombwa kwenye 2000–3FFF hugeuka 1, kisha MBC3 na MBC5. Baiti ya 0147 ndani ya ROM hutaja chipu ipi. Kwenye MBC5 benki 0 hubaki 0, kwa hiyo usinakili kodi ya MBC1 bila kuisoma. Tumia michezo uliyoitoa kwenye katriji zako mwenyewe, au ile ambayo watunzi wake wameiachia bure.

Sauti iweke mwisho, lakini kasi ya emuleta iifuate yenyewe: kwa sampuli 48,000 kwa sekunde unachukua moja kila mapigo 87.38, na bafa (ghala la muda la sampuli) ikijaa unasubiri. Ukizungusha mapigo 87 kamili, sauti itakwaruza kila baada ya muda mfupi.

Kulinda ulichokwisha kufaulu

Rekebisho la leo huvunja kilichofanya kazi jana. Tengeneza amri moja inayoendesha majaribio yote bila dirisha. Kwa cpu_instrs tafuta neno "Passed" kwenye maandishi ya kebo. Kwa majaribio ya Mooneye, mkusanyiko mwingine wa programu za kupima, simama kwenye amri LD B,B na uangalie rejista B, C, D, E, H, L: kufaulu ni 3, 5, 8, 13, 21, 34, na kushindwa ni 42 ya heksadesimali kila mahali. Kwa dmg-acid2, ambayo pia huashiria mwisho kwa LD B,B, hifadhi heshi (alama fupi ya utambulisho) ya fremu sahihi na uilinganishe. Wekea kila jaribio kikomo cha muda, kwa sababu emuleta iliyovunjika kwa kawaida haianguki. Huzunguka tu milele.